Kichuguu Kilichomfuata Nakhungu

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, asubuhi jua lilipoanza kuchoma, Nakhungu alitandaza turubai la bluu uani kwake. Alishusha kutoka uchagani maharagwe ya mbegu yaliyokaa juu ya moshi tangu mavuno, yakiwa bado ndani ya maganda. Akaketi, akanyoosha miguu, akaanza kuyapiga kwa vijiti viwili.

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Mlima Elgon na hayakuwa na haraka yoyote. Kijiji chote cha Sikulu, kilichokaa kwenye kilima juu ya soko la Kamukuywa, kilikuwa shambani. Wenye ng'ombe wa plau walikuwa wanalima, na wasio na ng'ombe walikuwa wamesimama kando ya njia wakingoja wenye ng'ombe wamalize, huku wakilalamika. Mwezi wa tatu ndio watu wa Sikulu hulalamika zaidi. Mbolea imechelewa, mbegu ni feki, mvua inacheza na watu, jirani amelima akapita mpaka. Ukimsalimia mtu mwezi huo, jiandae kukaa.

Vijiti vya Nakhungu vilikuwa vya mpera, vimelainika kwa kushikwa. Alipewa na mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, yaani bibi, na ambaye sasa ni marehemu. Kukhu hakumpa kwa ajili ya maharagwe. Alimpa kwa ajili ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zikikaribia, unafyeka nyasi kuzunguka kichuguu, unakifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, unaacha tundu moja na shimo la kuwanasia. Halafu unaketi na kupiga vijiti kwenye gogo, haraka haraka na bila kupumzika, mpaka walioko ndani waamini kwamba mvua imeanza. Wanatoka wenyewe. Huko kila kichuguu kina mwenyewe, na kila mkono una mdundo wake. Nakhungu alikuwa na mdundo mmoja tu, ule aliofundishwa na Kukhu, na hata akipiga maharagwe aliyapiga kwa mdundo huo huo. Hapo ndipo alipokosea.

Kichuguu cha Kukhu kilikuwa ng'ambo ya mpaka wa shamba, kwa Festus, shemeji yake Nakhungu. Kilimsikia, kikaja.

Kilikuja mchana kweupe, kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Kilikuwa chekundu, kirefu kumpita mtu mzima, na nyasi zimeota upande mmoja. Kilivuka mfereji wa mpaka, kikaingia katika kishamba cha Nakhungu, kikasimama katikati, juu ya mashimo ya mahindi aliyokuwa amechimba tangu alfajiri. Pale kilipotoka pakabaki duara la udongo mbichi.

Nakhungu aliinua kichwa, akakiona, akasonya.

"Wewe nawe," alisema, "umekosa mahali pengine pa kusimama?"

Aliendelea kupiga maharagwe, kwa sababu yalikuwa bado mengi.

Kishamba hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho cha kulima. Mume wake, Wekoye, alipofariki, Festus ambaye ni mdogo wa Wekoye alisubiri matanga yaishe, kisha akapima ardhi upya kwa macho. Akachukua shamba la juu pamoja na kichuguu. Alisema kichuguu ni mali ya wanaume wa boma, na kwamba kaka yake hakuacha mwanamume. Ni kweli, Nakhungu alizaa binti mmoja tu, Roselyne, aliyeolewa Kitale. Tangu hapo, kila msimu ng'ombe wa Festus wakifika karibu na kishamba cha Nakhungu walikuwa wanapinda kidogo, na mfereji wa mpaka unapinda nao. Festus alikuwa akisema ng'ombe hao ni wakaidi.

Siku hiyo alifika kabla ya saa sita, amebeba kifungu cha miche ya mpaka, ile ambayo haifi hata ukiipanda kichwa chini. Alikuwa ameudhika. Alikuwa amekipigia kichuguu hicho kwa wiki nzima na hakikuwa kimemtolea chochote isipokuwa siafu.

"Shemeji," alisema, "kichuguu yangu iko kwako."

"Naiona. Chukua."

"Nichukue aje, na unaona vile iko kubwa?"

"Imekuja yenyewe. Ngoja irudi yenyewe."

Festus alikizunguka, akakigusa kwa kiganja. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole lakini akifika, amefika.

"Siwezi acha mali yangu kwa shamba ya mtu," alisema. "Hapo itabidi shamba ifuate kichuguu."

Kesi ilisikizwa siku hiyo hiyo mbele ya duka la Mzee Wabwile, mzee wa kijiji, ambaye hukaa kwenye kiti cha plastiki na hupenda kesi zinazoisha kabla ya chai. Hakuna aliyeuliza kwa nini kichuguu kimetembea. Mtu mmoja alilalamika kwamba kimepita karibu na ng'ombe wake wakaacha kulima, na mwingine akataka kujua kama kimeharibu mfereji, basi. Swali lilikuwa ni cha nani.

"Kukhu alinipa mimi hiyo kichuguu," Nakhungu alisema. "Alinipa mbele ya watu, siku alichinja kuku. Na wewe Mzee ulikuwa hapo. Ulikula."

Wabwile alitazama juu kwa muda.

"Kuku namkumbuka vizuri," alisema. "Alikuwa na mafuta. Lakini hayo mambo ya kichuguu, hapana."

Akaamua. Kichuguu ni cha Festus, na kwa vile mali haiwezi kukaa hewani, mahali kiliposimama ni pa Festus. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa sababu ilikuwa imeeleweka haraka na kila mtu alikuwa ameacha kazi. Festus alipanda miche yake kuzunguka kishamba chote, hata kwenye pembe ambazo kichuguu hakikufika, akisema anakiachia nafasi ya kupumua.

Jioni Nakhungu alimpigia Roselyne simu. Alimweleza yote kwa hasira.

"Sasa mama, si uache kupiga hivyo vijiti?" Roselyne alisema.

"Na mbegu nitoe na meno?"

"Kwani utapanda wapi?"

Nakhungu alichungulia nje ya mlango. Kisha akasema kuna uani, upande wa mpapai, na ukiondoa kuku unaweza kuweka mistari kadhaa ya maharagwe. Roselyne alisema aende Kitale, watabanana katika hicho chumba chao, Mungu atasaidia. Nakhungu alijibu kwamba hajaolewa na chumba cha Kitale. Akakata simu, akajuta kidogo kwa maneno hayo, lakini hakupiga tena.

Kesho yake alijaribu kutoa maharagwe kwa mikono. Vidole vilivimba kabla hajamaliza hata gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili. Akajaribu kupiga vijiti kwa mdundo mwingine, wa kukwamakwama, kama mtu anayekohoa. Kichuguu kilisikiliza, kikainama upande, kikashindwa kuelewa. Mkono wake mwenyewe ulichoka kuigiza. Alipokuja kugundua, ulikuwa umerudi kwenye mdundo wa Kukhu, na kichuguu kilikuwa kimeshaingia uani, kimesimama upande wa mpapai. Festus hakuchelewa. Safari hii hakwenda hata kwa Wabwile. Alisema sheria ni ile ile.

"Shemeji, usinikasirikie," alisema akiwa ameinama, anashindilia udongo kwenye mche. "Mimi nafuata tu."

"Nikasirike nipate nini," alisema Nakhungu, naye alikuwa amekasirika sana.

Sasa alikuwa amebakiwa na nyumba, jiko la nje, na njia ya kutoka langoni. Maharagwe yaliyobaki kupigwa aliyafunga kwenye gunia. Alikaa mlangoni akitazama migongo ya watu iliyoinama mashambani, kilima kizima, na ngurumo zikisogea kutoka upande wa mlima. Mvua ikishuka kabla mtu hajaweka mbegu, huo msimu umempita, na mwaka mzima atakuwa mtu wa kuomba. Aliwaza kuhusu hilo. Halafu akawaza kuhusu Mzee Wabwile, na kuhusu kuku. Akasimama, akajitwika gunia lake, akachukua vijiti, akaenda kumsaidia mke wa Wabwile kupiga maharagwe.

Hakuna aliyeshangaa. Mwezi wa tatu watu husaidiana, na mke wa Wabwile alikuwa na magunia mengi na mgongo mbaya. Alimwekea kigoda, akamletea chai, akaanza kumlalamikia juu ya mgongo. Nakhungu alisema pole, akapiga, yao na yake. Alipiga vizuri, kwa mkono wake wote, kama alivyofundishwa.

Kichuguu kilipita njia kuu ya kijiji. Kilipita mbele ya kanisa na kando ya kisima, na wenye plau walishika ng'ombe wao pembeni wakinung'unika kwamba siku hizi mtu halimi kwa amani. Kiliingia langoni kwa Wabwile, kikasimama kati ya nyumba na choo, mahali Wabwile anapoegesha pikipiki. Nyuma yake alikuja Festus na miche. Festus alitazama lile boma, nyumba ya matofali, miparachichi ya kisasa iliyoanza kuzaa, tangi la maji, na uso wake ukalainika.

Wabwile alitoka na kikombe mkononi. Safari hii hakungoja kiti.

"Festus, weka hiyo miche chini."

"Mzee, mimi nafuata tu."

"Weka chini. Kichuguu ikiingia kwa mwenye boma, hiyo ni mgeni. Mgeni hana shamba."

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, kwa sababu kichuguu kilikuwa kimefunga njia ya choo. Nakhungu aliweka vijiti mapajani. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu alipokaa kwenye kigoda, na alilipokea bila kupandisha sauti.

"Basi hata kwangu ilikuwa mgeni," alisema. "Festus ang'oe miche yake, nipande. Mvua ndiyo hiyo."

Wabwile alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Nakhungu kuliko kitu kingine.

"Mama Roselyne, umesikia nimesema nini? Nimesema kwa mwenye boma. Wewe pia si ulikuja? Ulitoka kwenu Bumula ukaolewa hapa. Sasa mgeni atakaribisha mgeni aje?"

"Nimezika mama yenu hapa," alisema Nakhungu. "Nimemwosha na hii mikono. Nimezika bwana yangu hapa."

"Wageni pia wanazika," alisema Wabwile.

Mtu fulani nyuma alisema hiyo ni kweli. Mke wa Wabwile alitazama chini, akaokota ganda moja la maharagwe, akalitoa mbegu kwa kidole na kuitia kwenye sinia. Mgongo wake ulikuwa unauma, na mume ni wake.

Wabwile alimwomba Nakhungu akitoe kichuguu uani kwake, kwa vile yeye ndiye aliyekileta. Akatoka nacho. Alitembea mbele, gunia lake kichwani, akigonganisha vijiti, kichuguu nyuma yake, na Festus nyuma ya kichuguu na kifungu chake begani. Watu walirudi mashambani. Pale njia inapogawanyika, mkono mmoja ukipanda kwake na mwingine ukishuka Kamukuywa kwenye lami ya kwenda Kitale, alisimama. Kichuguu kikasimama. Festus naye akasimama, akashusha kifungu, akafuta jasho.

Nakhungu aliitazama barabara ya Kitale kwa muda mrefu. Aliwaza kile chumba cha Roselyne, kitanda upande huu na jiko la gesi upande ule, na pazia katikati.

"Nikienda Kitale," alimwuliza Festus bila kugeuka, "utakuja?"

"Si itabidi," alisema Festus. "Ni mali."

Akapanda kwake. Alikuwa amechoka na Festus, amechoka na Wabwile, amechoka na kile kichuguu ambacho kilimpenda bila akili. Alipofika aliviweka vijiti juu ya dirisha, akakiambia kichuguu kikae nje kama vitu vingine. Lakini manyunyu yalikuwa yameanza, na kichuguu, ambacho maisha yake yote kimefundishwa kungoja mvua, kikapata wasiwasi. Kikajisukuma katika jiko la nje. Kilisogeza mtungi, kikasogeza kuni, kikajibana kati ya mafiga na ukuta, kichwa kimeinua mabati.

Festus alipanda miche ya mwisho kuzunguka jiko, na kwa kuwa nyumba ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akaizungusha na nyumba. Alifanya kazi hiyo kwa makini, mvua ikimlowesha shati. Alipomaliza alikuja mlangoni, akavua kofia.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," alisema. "Wewe kaa tu. Mimi sio mtu mbaya wa kufukuza mjane. Halafu kichuguu nayo inataka mtu wa kuipigia."

Nakhungu alimtazama. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Habari hizo zilisambaa kilimani na watu walimsifu Festus. Walisema shemeji wengine wangemtupia mama wa watu vyombo nje, lakini huyu amemwachia mpaka mahali pa kulala. Jumapili kanisani walimwombea. Nakhungu alikuwapo, kwenye benchi la nyuma, na walipoombwa waseme amina, alisema, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

Mvua kubwa ilishuka siku iliyofuata. Kilima chote kilitoka na mbegu. Wake kwa waume waliinama kwenye matope, huyu anachimba, huyu anatia mbili mbili, huyu anafukia kwa mguu, na malalamiko yakabadilika, sasa mvua ikawa nyingi mno. Jioni ilipotulia, Festus alikuja jikoni na debe, gunia na blanketi.

"Haya, pigia," alisema.

Nakhungu alifikiri kukataa. Alijua pia kwamba akikataa atatafutwa mwingine wa kukaa hapo, na yeye hana pengine. Akachukua vijiti kutoka dirishani, akavuta gogo, akapiga. Kumbikumbi walitoka kwa wingi ambao haujaonekana Sikulu tangu Kukhu akiwa hai. Walitoka kwa mabawa ya kung'aa, wakajaa jikoni, wakamtambalia Nakhungu mikononi na kwenye kitambaa cha kichwa kana kwamba wanamsalimia. Festus aliwachota. Alijaza debe, akajaza gunia, akamwachia shemeji yake bakuli moja, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Alisema atarudi kesho wakati huo huo.

Nakhungu alikaa peke yake jikoni na kichuguu. Kilikuwa na joto, na harufu ya udongo uliolowa. Alitazama gunia la maharagwe ya mbegu lililoegemea mlango, yale ambayo alikuwa amemaliza kuyapiga kwa mke wa Wabwile na kubeba nyumbani bila kujua anayapeleka wapi. Nje, pande zote, kulikuwa na mistari ya watu wengine.

Alifungua gunia. Akapima kwa kiganja maharagwe ya kumtosha mtu mmoja, akayachagua mawe, akayaosha, akayatia kwenye sufuria na maji. Yalikuwa ya kukaushwa vizuri na moshi, mbegu nzuri, na aina hiyo huchelewa kuiva. Akapiga magoti kuwasha moto, lakini mahali pa kuni palikuwa pamebanwa.

"Sogea," alisema.

Kichuguu kikasogea kidogo.